Poka ina hesabu zake, naomba kona ya karata gazetini

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naandika nikiwa stoo hapa Kariakoo, mchana huu wateja wamepungua, na barua yenyewe nimekuwa nikiitunga kichwani wiki nzima kwenye mwendokasi tangu niliposoma maoni ya msomaji mmoja kwenye ukurasa huu, alisema poka ni kamari tu kama dubwi (zile mashine za kutumbukiza sarafu) na mikeka ya kubeti, na anayesema inataka akili anajidanganya. Kusema kweli niliumia. Halafu Jumamosi hiyo hiyo madogo wawili wa mtaani kwetu wakanifuata, "kaka tufundishe kupiga mkwara, tunataka tuwe wakali wa poka". Nikaona wote hawa wamepotelea njia moja. Msomaji anaona bahati tupu, madogo wanaona ujanja wa sura tupu, na kazi yenyewe iliyoko katikati hakuna anayeigusa. Hiyo kazi ndo naomba nafasi niielezee maana naupenda huu mchezo na umeshanigharimu.

Mi ni mtunza stoo wa vifaa vya ujenzi, nondo, misumari, bati, rangi. Naishi Magomeni. Kila Jumamosi baada ya isha tunakaa barazani kwa mzee mmoja mstaafu, sisi tunamwita Mzee wa Reli kwa sababu ya kazi yake ya zamani, watu sita au saba, tunacheza ile poka ya karata mbili mkononi na tano mezani, Texas Hold'em. Hatuchezei hela. Tunachezea nafaka, kunde ni moja, harage ni tano, punje ya muhindi ni ishirini, na mwenye mzigo mdogo mwisho wa mwezi ndo anapika kahawa ya baraza zima mwezi unaofuata, na niamini Mhariri, watu wazima wenye wajukuu wanapambana kufa na kupona wasiipike hiyo kahawa.

Kwa asiyejua, kila mtu anapewa karata mbili anazificha, halafu mezani zinafunguliwa tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha moja ya mwisho, na kila hatua watu wanaweka dau, wanapandisha, wanalipa au wanatupa. Mwisho kila aliyebaki anatoa tano bora kwenye zile saba. Sheria jioni moja tu unazijua.

Sasa ngoja nisimulie kilichonipata, maana ndo msingi wa yote nitakayosema. Miaka kadhaa nyuma, kabla ya hili baraza, nilikuwa naenda kasino moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Usiku mmoja nilikuwa na ree ya shupaza na tisa ya shupaza (ree ndo ile wengine wanaiita esi). Mezani zilishafunguliwa nne, mbili kati yake shupaza, kwa hiyo nasubiri shupaza moja tu nipate tano za rangi moja. Katikati kulikuwa na elfu 60. Jamaa wa mbele yangu, kavaa kofia, hana papara, kaweka elfu 60 zake zote zilizobaki. Mi nikalipa. Sikuhesabu chochote, nilisema moyoni tu kwamba leo naisikia inakuja. Ikaja kweli, shupaza ya tano, ndogo tu, nakumbuka mchezeshaji alivyoigeuza taratibu na mimi nikasimama kwenye kiti. Nikazoa. Watu wakanipongeza, mmoja akaniambia una roho ngumu we jamaa, nami nikaamini.

Mhariri, ule ushindi ndo ulioniharibu. Kuanzia siku ile kila nikiwa na mbili mkononi na mbili mezani za rangi moja nalipa, hata nikidaiwa kiasi gani, kwa sababu nimeshaona kwa macho yangu kwamba inakuja. Ndani ya miezi mitatu nilipeleka pale kodi ya nyumba, ya miezi mitatu, ambayo mwenye nyumba alikuwa anaisubiri na mama watoto alikuwa ameiweka kwenye bahasha ndani ya kabati. Nilimwambia nimeikopesha kazini. Baadaye nilimwambia ukweli, na hilo ni letu.

Hesabu ya ule usiku nilikuja kuifanya muda mrefu baadaye, kwenye karatasi ya nyuma ya risiti, hapa hapa stoo. Karata ziko 52. Mi nilikuwa naona sita, mbili zangu na nne za mezani. Zimebaki 46 ambazo sijaziona. Shupaza ziko 13, nne nimeshaziona, zimebaki tisa. Kwa hiyo katika karata 46 tisa zinaniokoa na 37 zinanizika. Tuseme nimekaa pale mara 46 na kila karata imekuja mara moja. Mara tisa nazoa elfu 120, hiyo ni 1,080,000. Mara 37 napoteza elfu 60, hiyo ni 2,220,000. Toa, utaona nimepoteza 1,140,000, ukigawa kwa 46 ni karibu elfu 25 natupa kila ninapolipa pale. Hata siku niliyoshinda nilikuwa nimetupa elfu 25, sema karata ilinifichia. Nilikaa na ile risiti mkononi nikasikia baridi.

Nikaanza kuelewa kitu ambacho wacheza drafti hawana shida nacho. Pale kijiweni kwetu drafti inachezwa kutwa, na ukifungwa unajua umefungwa wapi, ulisogeza kete vibaya, mwenzio kakulisha moja kala tatu, kila kitu kiko wazi na watazamaji wanakuonyesha kidole. Bao pia hivyo hivyo, kete 64 zote ziko mbele yenu. Mchezo wenyewe unakufundisha. Poka haifanyi hivyo. Poka unaweza kukosea ukalipwa, ukafanya sahihi ukapigwa, halafu kesho ukabeba somo ambalo liko kinyume kabisa. Ndo maana kuna watu wana miaka 20 mezani na wanacheza vile vile kama siku ya kwanza, wamecheza sana lakini hakuna aliyewasahihisha. Kwa hiyo anayetaka kupanda kiwango lazima ajitengenezee mwalimu pembeni, na mwalimu wangu mimi ni daftari.

Stoo nimezoea kuandika kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki, nikasema kwa nini karata nisiziandike. Nilinunua daftari la kawaida la mistari. Kila Jumamosi nikirudi nyumbani, kabla sijalala, naandika mikono mitatu au minne, yaani migao ya karata, iliyonisumbua, basi. Naandika nilikaa wapi, nilikuwa na karata gani, katikati kulikuwa na ngapi, nimetakiwa kulipa ngapi, nilidhani mwenzangu ana nini, na nilifanya nini. Matokeo siyaandiki. Hapo watu wote wananishangaa. Nikiandika kwamba nilishinda, kesho nikisoma nitajipongeza, nikiandika nilishindwa nitajilaumu, na vyote viwili vinaziba macho. Nafunika matokeo kabisa, halafu Jumatano au Alhamisi nikiwa nimetulia nachukua kalamu ya rangi nyingine nafanya hesabu kama vile ni mkono wa mtu mwingine, nauliza tu, kwa alichokuwa anakijua pale, huyu alifanya sahihi au hapana.

Miezi miwili ya kwanza niliona aibu. Karibu kila ukurasa kulikuwa na kosa lile lile, nimelipa na ree na karata ndogo, ree na saba, ree na nne, eti kwa sababu nina ree. Kumbe mwenye ree na mfalme akikutana na mwenye ree na saba anampiga kama mara 7 kati ya 10, na mbaya zaidi ree ikitoka mezani wote mnafurahi lakini wewe ndo unayelipa bili. Kosa la pili, kucheza karata kwa sababu zina rangi moja. Watu wanapenda sana rangi moja, ghulamu na tatu za kopa anaona ni mali. Rangi moja inaongeza asilimia mbili tatu hivi ya ushindi, hakuna zaidi, karata mbovu ikivaa sare bado ni mbovu.

Ndo nikajifunza kutupa. Mikono ya mwanzo inayoweza kukujia iko 1,326 ukihesabu kila mchanganyiko, na ukiweka inayofanana pamoja inabaki aina 169. Jozi ya ree inakuja mara moja katika 221 kwa wastani, jozi yoyote ile ni mara moja katika 17. Maana yake mara nyingi sana umeshika takataka, na kwenye meza ya watu saba au nane ukicheza mikono miwili kati ya kumi hivi inatosha sana. Najua inachosha kukaa unatupa, kijana mmoja wa mitumba ya Karume ambaye tunacheza naye anasema "sasa nimekuja kutazama?" na analipa kila mkono. Ni kijana mzuri, ana moyo, na karibu kila mwezi kahawa anapika yeye.

Niliyemwona akitupa vizuri kuliko wote ni Mzee wa Reli. Jumamosi moja umeme ulikuwa umekatika, tunacheza na taa ya simu iliyoegeshwa kwenye birika, Mzee kapandisha mwanzoni kabisa, watu wawili wakamlipa. Zikafunguliwa ree, mfalme na sita. Wa kwanza kaweka dau kubwa, wa pili kapandisha juu yake. Mzee kaangalia mezani mara moja, kachukua karata zake kazitupa kifudifudi, kaomba kikombe. Mwisho mmoja alikuwa na ree na mfalme, mwingine alikuwa na sita mbili mkononi kwa hiyo zimekuwa tatu. Nikamuuliza, "Shikamoo Mzee, samahani, ulikuwa na nini?" Akasema malkia wawili. Yule kijana wa Karume akaruka, "Mzee umetupa malkia wawili!" Mzee akamjibu, "Baba, wale malkia wenzao waliobaki ni wawili tu kwenye karata 47 nisizoziona, na hawa mabwana wawili hawajaweka maharage yao kwa ajili ya kunitania. Nilipewa wazuri, wakawa wabaya, nifanyeje sasa?" Nikaandika usiku ule ule.

Kitu kingine ambacho daftari lilinionyesha na sikutegemea, maharage yangu mengi nilikuwa nayapoteza nikiwa nimekaa sehemu ya kuongea mwanzo, yaani kuamua dau kabla ya wenzangu. Karata zile zile, ghulamu na kumi kwa mfano, nikiwa wa mwisho kuongea zinanilipa, nikiwa wa kwanza zinanila. Aliyewahi kwenda mnada wa samaki pale Feri asubuhi atanielewa haraka. Anayetaja bei wa kwanza hajui chochote, anayesubiri ameshasikia nani ana njaa na nani anajaribu tu. Kwenye poka kiti cha mwisho kinazunguka, kila mkono kinahamia kwa mtu mwingine, kwa hiyo haki ipo, kinachotakiwa ni wewe ukiwa mbele uwe mchoyo na ukiwa nyuma ufungue mkono kidogo. Ningeambiwa nimfundishe mtu kitu kimoja tu halafu niondoke Dar ningemfundisha hicho.

Nirudi kwa wale madogo wa mkwara. Wanaamini poka ni kusoma sura, mwenzio akikuna pua anadanganya, akimeza mate ana kitu. Sikatai kabisa, kuna watu mikono inawatetemeka wakipata kubwa. Lakini mwezi wa kwanza mwaka 2017, kule Pittsburgh Marekani, chuo cha Carnegie Mellon kilileta programu ya kompyuta inaitwa Libratus ikacheza na wacheza poka wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, mikono 120,000 kwa siku 20, na ikawashinda wote wanne. Mwaka 2019 ikaja nyingine, Pluribus, hiyo ikawashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Kompyuta haina macho, haijui nani kameza mate. Ilishinda kwa kujua karata gani inastahili kuwekewa dau la kiasi gani na mara ngapi. Msomaji aliyesema ni bahati tupu naye namwomba alitafakari hilo, dubwi huwezi kulifanyia hivyo hata ulete kompyuta ya aina gani maana limeshapangwa lile, na kale kandege ka kubeti kwenye simu vile vile. Poka unacheza na binadamu mwenzio, kasino inakata asilimia yake tu, kwa hiyo makosa ya mwenzio ndo riziki na makosa yako ndo riziki yake.

Badala ya pua za watu, jifunze kuhesabu njia. Hii ilinichukua muda lakini kwa mtu aliyezoea kuhesabu boksi za misumari sio ngumu. Tuseme una malkia wawili, mtu makini kapandisha juu yako kwa nguvu, na unavyomjua hafanyi hivyo ila awe na ree mbili, wafalme wawili, au ree na mfalme. Watu wanaogopa moja kwa moja, "ana ree mbili huyo". Hesabu. Ree mbili zinapatikana kwa njia sita, wafalme wawili njia sita, ree na mfalme njia 16. Jumla 28, na 16 kati ya hizo, zaidi ya nusu, malkia wako bado wanaongoza kwa kiasi kidogo. Hapo hujui ana nini na hutajua, lakini umejua umesimama wapi. Sasa ree moja ikifunguliwa mezani njia za ree mbili zinashuka kutoka sita mpaka tatu, na za ree na mfalme zinashuka mpaka 12, lakini hizo 12 sasa zote zimekupita. Kila karata ikifunguliwa unafuta na kuandika upya kichwani. Mwanzoni nilikuwa siwezi kabisa nikiwa mezani, nilikuwa nafanya kwenye daftari tu Alhamisi, baada ya kama mwaka ikaanza kuja yenyewe nikiwa nimekaa.

Kuna njia ya mkato ya hesabu ya karata unazozisubiri, wengi wanaitumia na ni nzuri. Hesabu karata zinazokuokoa, kama imebaki karata moja kufunguliwa zidisha kwa mbili, kama zimebaki mbili zidisha kwa nne, unapata asilimia ya kukadiria. Shupaza tisa, imebaki moja, 18, na ukweli ni 19 na nusu hivi. Shupaza tisa zimebaki mbili, 36, ukweli ni 35. Halafu unalinganisha na unachodaiwa. Ukiambiwa ulipe elfu 10 na ukishinda unachukua elfu 30 za katikati, unahitaji kushinda mara moja kati ya nne, asilimia 25, chini ya hapo tupa. Ila ni ya kukadiria tu, usiifanye msahafu.

Mkwara wenyewe upo na una hesabu yake. Ukiweka dau sawa na kilichopo katikati ili kumtisha mtu, lazima atupe zaidi ya nusu ya mara zote ndo upate faida, ukiweka nusu ya kilichopo inatosha atupe zaidi ya theluthi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama huyu mtu huwa anatupa. Kijana wetu wa Karume hatupi, kumpigia mkwara ni kumpelekea maharage nyumbani. Na hadithi yako iwe imenyooka toka mwanzo, kama umekaa kimya hatua zote halafu karata ya mwisho unajitia unayo ile tano ya rangi moja, mtu mwenye akili anakuuliza mbona hukuonekana unaisubiri. Mzee wa Reli anapiga mkwara mara chache sana na nusu ya hizo hatujui mpaka leo.

Kupaniki sitaki kukuficha, bado inanishinda wakati mwingine. Umecheza vizuri, ree mbili mkononi zikapigwa na wafalme wawili, jambo linalotokea kama mara moja katika tano au sita, damu inapanda kichwani na mkono unaofuata unataka kurudisha chako chote kwa mara moja. Dawa niliyoipata ni kusimama. Natupa mikono miwili bila kuiangalia, naenda kuchota maji, narudi. Na kodi ya nyumba yangu, ukiifuatilia kwenye kumbukumbu zangu, nyingi iliondoka ndani ya dakika 20 za mwisho za usiku, saa ambayo nilitakiwa niwe kwenye bajaji narudi nyumbani.

Kwa wale wanaocheza hela, na wapo, sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inawaruhusu kwenye sehemu zenye leseni na wawe wametimiza miaka 18, hela ya karata itengwe kabisa na hela ya unga. Wazoefu wanasema uwe na angalau mara 20 mpaka 30 ya kiasi unachokaa nacho mezani, maana hata ukicheza sahihi unaweza kupigwa wiki nzima mfululizo. Kama huna hiyo, kaa na sisi kwenye maharage. Vijana wanapenda kunitajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani aliyeingia kwa mashindano madogo ya intaneti akabeba ubingwa wa dunia Las Vegas mwaka 2003, watu 839 walishiriki na yeye akaondoka na dola milioni 2.5. Ni kweli, na napenda kwamba alikuwa mtu wa mahesabu. Lakini watajie na Stu Ungar. Alichukua ubingwa huo huo 1980, 1981 na tena 1997, wengi wanasema hajatokea mwenye kipaji kama chake, na mwaka 1998 alifia kwenye hoteli ya bei poa pale pale Las Vegas akiwa na miaka 45, hana akiba, marafiki wakachangishana kumzika. Karata alizijua kuliko sisi wote, hela ndo ilimshinda kuitunza, na madawa.

Sasa ombi langu Mhariri. Gazeti lako lina chemshabongo, lina fumbo la maneno, nimeona na mafumbo ya drafti miaka ya nyuma. Tupeni kona ndogo ya karata, hata mara moja kwa mwezi, wasomaji wapewe mkono mmoja na waandike wangefanya nini na kwa hesabu gani. Hakuna hela inayohusika wala mtoto anayeharibika, ni kugawanya na kuzidisha, mwanangu wa darasa la sita nimemfundisha asilimia kwa njia hiyo hiyo ya maharage na sasa anazipenda. Nimeshazungumza na baraza letu, tuko tayari kuandaa mikono ya mwaka mzima bila malipo, Mzee wa Reli atakagua.

Wa kwanza huu hapa. Una nane ya kopa na tisa ya kopa. Mezani ziko sita ya kopa, saba ya pau, ree ya uru na mbili ya shupaza, imebaki karata moja. Katikati kulikuwa na elfu 40, mwenzio kaweka elfu 10 zake za mwisho, amebaki na wewe tu, na kwa anavyocheza una uhakika ana ree. Unalipa au unatupa? Barazani tulibishana mpaka adhana ya alfajiri, kijana wa Karume alikuwa upande mmoja na mimi upande mwingine, na nilipoenda kwenye daftari Alhamisi nikakuta yeye ndo alikuwa sahihi. Naomba tu atakayejibu aandike na hesabu yake yote, asiandike neno moja.

Wako,
Mtunza Stoo,
Magomeni, Dar es Salaam